Mashavu ya Dada Yangu

Dada yangu alikuwa mwembamba tangu azaliwe. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Kogo, alikuwa vivyo hivyo, mrefu na mkavu, na alizaa watoto mpaka akachoka bila mtu kumuuliza nyama zake ziko wapi. Lakini Kogo aliolewa zamani, kabla ukimwi haujapanda milima yetu. Katika miaka ya tisini, msichana mwembamba huku kwetu Bomet, kwenye mashamba ya majani chai, alikuwa na kesi ya kujibu. Akikohoa, watu walitazamana. Akisusa chakula harusini, walinong'onezana. Na kama aliwahi kuishi mjini, hata kwa mwaka mmoja tu, basi kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla hajafungua mdomo.

Dada aliwahi kuishi mjini. Aliuza nguo katika duka la mama mmoja Mkikuyu pale mjini Bomet, akilala chumba cha nyuma pamoja na mabinti wa mwenye duka, na kila Jumapili alirudi nyumbani kwenda kanisani nasi. Huo ndio uliokuwa umalaya wake wote. Mgongo wa Mama ulipoanza kumsumbua, dada aliacha kazi akaja kutusaidia kuchuma chai ya Baba. Wanawake kwenye kituo cha kuuzia majani walimtazama akishusha kikapu, wakasema, "Maskini, taoni imemmaliza." Walisema kwa sauti ya huruma. Nimetukanwa mara nyingi maishani, na bado sijasikia tusi ninalolichukia kuliko huruma ile.

Hata hivyo alipata mchumba, tena wa maana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Siongiroi, mtu mpole aliyependa kucheka, na alimpenda dada na mifupa yake yote. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa baba yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee aliyezoea kumpima mnyama kwa jicho kabla ya kuuliza bei. Siku ya kwanza alipofika kwetu, alimtazama dada akiandaa chai, akamtazama kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha akamgeukia Baba.

"Msichana ni mzuri," akasema. "Lakini huyu anakula kweli?"

Sebule nzima ilicheka. Mama pia alicheka. Sote tulijua alichokuwa anauliza. Hakuna aliyethubutu kuutaja ule ugonjwa, kwa hiyo waliuzunguka kwa kuulizia chakula.

Koito, yaani siku ya wazee wa pande mbili kukaa pamoja na kukubaliana juu ya ndoa, ilipangwa iwe Januari, baada ya sikukuu. Kabla ya siku hiyo dada alitakiwa awe na mwili. Hakuna aliyelisema hivyo, lakini kila mtu alianza kumwekea maziwa. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, mpaka akatapika. Alikula ugali wa kushibisha wanaume wawili. Mwili ukakataa kata kata, kwa sababu haukuwa na ugonjwa wala njaa. Ulikuwa tu mwili wa Kogo.

Ndipo shangazi yetu, dada mkubwa wa Baba, akalichukua jambo mikononi mwake. Yeye aliolewa Ndanai, upande wa chini kuliko kwetu, kwenye joto kidogo na ng'ombe wengi. Alikuwa mtu wa vitendo. Namchukia, na bado siwezi kumnyima hilo.

"Nipatieni huyu mtoto mpaka Krismasi," alimwambia Baba. "Nitawarudishia mtu hamtamjua."

Baba alishukuru. Mama alimfungia dada nguo zake. Mimi nilikuwa nimemaliza tu mtihani wa kidato cha nne, sina kazi wala mpango, na nikaambiwa niende naye ili asione upweke. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua za El Nino. Mvua ilikuwa imetuharibia kila kitu: malori ya chai yalikwama barabarani, majani yakachacha ndani ya magunia, mahindi yakaota yakiwa bado shambani. Tulifika Ndanai matope yakiwa yametufikia magotini. Huko maji yalituama hata kwenye nyayo za ng'ombe, na ikifika jioni mbu walitoka kwa wingi ambao sisi watu wa baridi hatukuwahi kuuona. Neti hazikuwepo. Shangazi alichoma mavi makavu ya ng'ombe, tukalia kwa moshi, na mbu wakaendelea na kazi yao.

Sokoni kulikuwa na mtu mwenye duka la dawa aliyevaa koti jeupe utadhani alizaliwa nalo. Watu walimwita daktari, naye hakuwasahihisha. Shangazi alimweleza shida, naye akampa vidonge vidogo vya aina mbili vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na vikiisha arudi. Hakuuliza umri wala uzito, wala kama mtu ana ugonjwa wowote. Shangazi alirudi amefurahi.

Dada alivishika kiganjani akacheka. "Sasa hii ndio itanifanya niwe mama mkubwa?"

"Meza wewe," Shangazi alimjibu. "Kwani unataka kuolewa ama hutaki?"

Dada alitaka kuolewa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema alilazimishwa, na wengine wakasema alikuwa mjinga. Alimpenda yule mwalimu. Aliona kikwazo kimoja tu kati yake na maisha aliyoyataka, nacho kilikuwa mashavu. Akavimeza. Mimi sikupewa. Shangazi aliniangalia akasema, "Wewe hata hewa inakunenepesha," na kwa mara ya kwanza maishani unene wangu ukawa na faida, ingawa sikujua.

Dawa ilifanya kazi, tena haraka. Hamu ya chakula ilimjia dada kama mtu aliyetoka jela. Uso ukaanza kujaa, ukang'aa, ukawa mviringo. Shingo ikapotea. Shangazi alimsimamisha mlangoni kwenye mwanga na kumwita jirani aje aone. Mimi nilikuwa nikioga naye, kwa hiyo niliona kitu ambacho jirani hakukiona: mikono na miguu yake ilibaki ile ile, labda hata ilipungua. Unene wote ulikuwa usoni na tumboni. Nilimwambia, naye akanijibu kwamba siku ya koito hatavua nguo.

Kabla tu ya Krismasi ng'ombe wa Ndanai walianza kutupa mimba. Leo wa huyu, kesho wa yule. Mume wa Shangazi aliwatupa ndama waliozaliwa wamekufa nyuma ya boma, akilaani mvua. Baada ya hapo homa ikatuingia sisi watu. Alianza huyo mume, akafuata Shangazi, kisha mimi. Kichwa kilinipasuka, macho yakauma hata kwa mwanga wa dirishani, viungo vyote vikalegea. Nilitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Tulilala nyumba nzima kama waliopigwa rungu, na mtu pekee aliyekuwa kwa miguu yake alikuwa dada.

Alilalamikia kichwa kidogo, akanyoosha mgongo, akaendelea na kazi. Alitupikia uji, akatukanda kwa maji, akakamua ng'ombe waliokuwa bado wana maziwa. Nilimshika mkono nikakuta hana joto. Nikamwonea wivu. Shangazi, akiwa amelala na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mnaona? Dawa ya daktari ni kali. Huyu hata homa inamwogopa."

Sisi tuliolala tukitetemeka tulikuwa tunapona. Yeye aliyesimama na uji mkononi ndiye aliyekuwa anashindwa. Wakati huo hakuna aliyeweza kunieleza hivyo, na kama angetokea wa kunieleza ningemwona mwendawazimu.

Januari tulirudi nyumbani, dada akiwa na vidonge vingine kwenye mzigo wake. Mama alipomwona dada akishuka njia ya shambani alipiga kigelegele. Wanawake wa kituo cha majani, wale wale, walimshika mashavu kwa vidole na kusema Mungu ni mkubwa. Siku ya koito wazee wa Siongiroi walikuja na makoti yao mazito, wakaketi upande wao, wakazungumza kwa mzunguko kama ilivyo desturi, wakijifanya wamepotea njia na wanatafuta ndama wao. Dada akaitwa. Aliulizwa kama anawajua wageni hawa, naye akasema anawajua. Yule mzee wa ng'ombe alimtazama tena kuanzia juu hadi chini, polepole, na safari hii meno yote yalikuwa nje.

"Sasa huyu ndio msichana," akasema.

Walimpaka siagi kichwani kumbariki. Iliyeyuka ikashuka kwenye yale mashavu, na watu wakaimba. Mwalimu wake ndiye pekee sikumwona akiimba sana. Baadaye aliniuliza pembeni kama dada yuko sawa, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Nilimwambia ni sherehe. Nilidhani ni sherehe.

Wiki chache baadaye dada alimimina chai kando ya kikombe. Alimimina kwa utulivu, mezani, mpaka birika likaisha, na Mama alipopiga kelele akageuka akasema, "Si nimejaza?" Tulicheka, tukasema ana mawazo ya harusi. Siku nyingine alichuma chai na kuitupa nyuma yake, nje ya kikapu, mstari mzima. Kisha akaanza kuniita kwa jina la msichana wa mjini aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Hapo hatukucheka tena. Ikaja degedege kanisani, mbele ya watu wote, katikati ya wimbo. Alianguka kati ya mabenchi, povu mdomoni, na ninakumbuka jinsi watu walivyosogea. Hawakusogea kumsaidia. Walisogea kando.

Hospitali tuliyompeleka sitaitaja. Mwaka ule kila mtu milimani alikuwa na malaria, kwa hiyo walisema ni malaria imepanda kichwani, wakamtundikia dripu ya kwinini. Damu ilipimwa, na mpimaji akasema haoni malaria kwenye kioo. Dripu ikaendelea. Dada alilala akiangalia dari, akitafuna ulimi, mara anajua jina la Mama na mara halijui. Siku moja tabibu alimwita Baba koridoni. Nilikuwa nimekaa sakafuni, hawakujali kama nasikia.

"Mzee, wewe mwenyewe unajua hii magonjwa ya siku hizi," akamwambia. "Alikuwa anafanya kazi taoni, si ndio? Mrudisheni nyumbani apumzike."

Hakupima. Hakumwuliza mtu amekuwa akimeza nini. Alitazama msichana, akasikia neno taoni, akafunga faili. Baba alimshukuru. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwamba Baba aliinama akamshukuru.

Nyumbani dada alipewa sahani yake, kikombe chake na blanketi lake, vyote vikiwekwa kando kwenye rafu. Mimi nilitolewa chumbani tulikolala tangu utotoni. Baba alisema ana watoto wengine wa kulinda. Mama alimwosha akiwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, ile ya kubebea sukari, akiwa ameifunga kwa kamba kwenye vifundo. Alikuwa akiingia, anafanya upesi, anatoka, anaichoma ile mifuko nyuma ya choo. Niliuona uso wake akitoka. Alikuwa na sura ya mtu anayejizuia kupumua. Dada alinyoosha mkono kumshika, kwa sababu hata alipopoteza majina hakupoteza kumjua mama yake, naye Mama akawa anarudi nyuma hatua moja.

Kogo peke yake ndiye aliyekaa naye. Alikuja na kigoda chake, akaketi kitandani badala ya kigoda, akakilaza kichwa cha dada mapajani mwake. Baba alimkemea. Kogo akamwambia, "Niache. Ataua nini kwangu?" Hakusema neno lingine la kukumbukwa. Dada alifia hapo, mchana, watu wakiwa shambani.

Hakuoshwa. Alifungwa kwa karatasi ya plastiki, jeneza likapigiliwa misumari, na mchungaji akahubiri juu ya mshahara wa dhambi mbele ya msichana ambaye dhambi yake kubwa ilikuwa kuuza sweta za watu. Kutoka Siongiroi hakuja mtu. Mwalimu alizuiwa, nilikuja kusikia baadaye, na alikubali kuzuiwa. Kilichokuja ni ujumbe wa mdomo kutoka kwa yule mzee, kwamba anamshukuru Mungu kwa kufichua mambo mapema. Wanawake wa kituo cha majani walisema walijua tangu zamani. Yale mashavu, walisema, yalikuwa ni uvimbe wa ugonjwa. Katika hilo, kwa bahati mbaya, walikaribia ukweli kuliko hospitali.

Nilijiunga na chuo cha utabibu mwaka huo huo, upande wa maabara. Sikwenda kwa wito. Nilikwenda kwa hasira, nikitaka kuona kwa macho yangu kilichokuwa hakionekani kwenye kioo siku ile.

Nilikipata mwaka uliofuata, katika somo ambalo halikumhusu dada hata kidogo. Mwalimu wetu pale chuoni alikuwa akitufundisha ukimwi. Alisema kirusi hicho kinaua aina fulani ya chembe nyeupe za damu, seli T, na ili tuelewe hasara yake ilibidi tujue kazi ya seli hizo. Akachora. Kinga nyingine za mwili, akasema, humkamata kirusi akiwa bado anaelea kwenye damu. Lakini kirusi akishaingia ndani ya seli na kujifungia, hizo hazimwoni tena. Hapo ndipo seli T zinapohitajika. Kila seli ya mwili huanika nje, kwenye ngozi yake, vipande vidogo vya kile kinachopikwa ndani. Seli T hupita zikipapasa, seli baada ya seli, na zikikuta kipande kigeni zinajua humo ndani kuna mwizi.

Akaja kwenye ubongo. Ubongo umezungushiwa ukuta, alisema, na si kila kitu kwenye damu kinaruhusiwa kupita. Virusi kadhaa vinavyoenezwa na mbu hujua kupita. Seli T nazo zikiitwa huingia. Ila zikifika huko haziwezi kufanya fujo, kwa maana seli ya neva ikifa haioti nyingine. Kwa hiyo nyingi hazichinji. Husimama karibu na neva iliyovamiwa na kutoa kemikali inayoiamsha imfukuze kirusi yenyewe, ibaki hai. Nilipenda jambo hilo kabla sijajua litaniumiza vipi. Katika ukatili wote niliokuwa nimeuona, kumbe ndani ya kichwa cha mtu kulikuwa na askari wanaojua kuokoa nyumba bila kuichoma.

Kisha akasema, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichoiva, kwamba si ukimwi pekee unaoangusha seli T. Kuna dawa. Steroidi, akasema, zile wanazopewa wagonjwa wa pumu na wa viungo. Ni dawa nzuri zikisimamiwa. Lakini ukimeza kwa muda, seli T nyingi hufa, nyingine hulala, homa haipandi, na mgonjwa anaonekana mzima kumbe analiwa ndani. "Na mtamjua," akasema, akichora duara ubaoni. "Hula sana. Uso unakuwa mviringo kama mwezi. Mikono na miguu inabaki myembamba."

Nilinyoosha mkono. Niliuliza juu ya mtu aliyemeza vidonge hivyo tangu kabla ya Krismasi mpaka baada ya koito, mahali ambapo ng'ombe walitupa mimba na watu wote nyumbani walishikwa na homa isipokuwa yeye, kisha wiki kadhaa baadaye akachanganyikiwa akafa.

"Mwaka wa El Nino?" mwalimu akauliza.

"Ndio."

Akasema kuna homa ya Bonde la Ufa, ya mifugo, inayoenezwa na mbu, na kwamba kwa watu wachache hurudi kupitia kichwani baada ya mtu kudhani amepona. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa damu ya mtu huyo haikupimwa kirusi na sasa haiwezi kupimwa. Kisha akauliza, "Nani alimwandikia hizo dawa?"

"Anti yake."

Darasa likacheka. Siwalaumu. Lilikuwa jibu la kuchekesha.

Miaka iliyofuata nimesoma zaidi, na kila nilichosoma kimezidi kunikera. Kitanda kilikuwa kimoja, na mbu walikuwa wale wale. Seli zangu T ziliamka, zikanitetemesha, zikaingia zilikohitajika, zikaosha, na nina hakika baadhi yazo bado zimo mwilini mwangu, zikikumbuka. Zake zilikuwa zimelazwa ili uso upendeze. Tulimvua askari wake mmoja mmoja, tukamshangilia kwa jinsi alivyonawiri. Na sababu ya yote haya ilikuwa woga wa ugonjwa unaoua askari hao hao. Dada hakuwa na ugonjwa huo. Tulimtengenezea mfano wake, kwa vidonge vya kwenye gazeti, ili kuthibitisha kwamba hana.

Desemba nilirudi nyumbani. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea, ameketi sebuleni na kikombe chake, na nikamwambia mbele ya Baba. Nilimweleza polepole, bila matusi, na nilijisifu kwa hilo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilimpatia afya," akasema. "Kila mtu aliona. Nyinyi ndio mlimpeleka huko hosipitali yenu." Akamgeukia Baba. "Masomo inaharibu huyu mtoto."

Baba aliangalia chini. Kisha akaniambia nimheshimu shangazi yangu, na nimletee chai nyingine. Sikuleta.

Nilimkuta Mama nje ya jiko akichambua mboga za managu, sufuria katikati ya miguu. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza tena, kwa maneno mepesi zaidi: mbu, homa ya ng'ombe, vile vidonge, na walinzi wa damu waliopaswa kuingia kichwani kumwokoa wakakutwa wamelazwa. Nikasema sina karatasi ya kuthibitisha, ila mwalimu wangu naye anaona hivyo. Aliendelea kuchambua. Nilifikiri hasikii, au hataki.

"Kwa hivyo haikuwa hiyo ugonjwa," akasema mwishowe.

"Haikuwa, Mama."

"Mwanangu hakuwa na hiyo ugonjwa."

"Hakuwa nayo."

Alilia hapo, bila sauti, akijifuta kwa mkono wenye majani. Nilidhani ni machozi ya kutua mzigo. Nilikuwa nimemletea jina la mwanawe likiwa safi, kitu ambacho kijiji kizima kilikuwa kimemnyang'anya, na kwa kitambo kidogo niliona fahari. Kisha akanitazama.

"Kwa hivyo ningemshika," akasema. "Vile alikuwa ananyoosha mkono. Ningemshika tu, na singepata kitu."

"Mama, hata kama angekuwa na ukimwi ungemshika. Hauambukizwi kwa kushika mtu. Hata kumwosha, hata kulala naye kitanda kimoja. Hata hivyo ungemshika."

Mikono yake ilisimama juu ya sufuria. Alinitazama kwa muda mrefu, machozi yakiwa yamekauka ghafla, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja na zawadi mkono mmoja na panga mkono mwingine.

"Hiyo," akasema, "ungeniachia."